Utangulizi: Majitu Mekundu juu ya Handeni na Korogwe

Mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, toka nje. Uwe Chanika mjini Handeni au Manundu mjini Korogwe, geukia kaskazini kisha inua uso mpaka karibu na utosi. Kuna nyota moja pale inayong'aa kuliko jirani zake, na si nyeupe. Wapo wanaoiona ya rangi ya machungwa, wapo wanaoapa kuwa ni nyekundu. Ukipata taabu kuitambua, tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari kiunoni mwa Jabari, ambazo hata watoto wanazijua. Fuata mstari wao kuelekea kaskazini-magharibi, utaikuta njiani kabla hujafika Kilimia. Jina lake Dabarani; vitabu vya Kiingereza huiandika Aldebaran. Nuru inayokuingia jichoni iliondoka kwenye nyota hiyo yapata miaka 65 iliyopita, karibu na siku zile bendera ya Uingereza iliposhushwa Dar es Salaam, Desemba 1961.

Kitabu hiki ni mlango wa elimu ya falaki kwa msomaji wa Handeni na Korogwe asiye na darubini, na pengine asiye na mpango wa kununua. Karibu sana. Vitabu vya shule aghalabu huanza na Jua na sayari zake, vikaishia hapo hapo, na nyota zikaachiwa ukurasa wa mwisho. Mimi nimeanzia upande wa pili, kwa aina moja tu ya nyota, majitu mekundu, kwa sababu ndiyo ambayo mtu mwenye macho mazima na akili ya kuhoji anaweza kuigundua mwenyewe bila kusubiri kuambiwa. Jambo moja niliseme mapema, maana najua niko mkoa gani: humu hutatajiwa nyota yako, wala siku njema ya kusafiri au kuoa. Kazi hiyo ina wenyewe.

Hoja yenyewe ni fupi. Wengi tumezoea kuuona wekundu kuwa alama ya moto mkali. Mhunzi atakukatalia. Chuma kikianza kushika moto huwa chekundu. Ukizidi kuvukuta kinageuka cha machungwa, kisha manjano, na kikifika mwisho huelekea weupe. Nyota hufuata kanuni hiyo hiyo ya fizikia. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za selsiasi. Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, nyeupe yenye chembe ya buluu, inakaribia nyuzi 9,700. Dabarani ni kama 3,600. Kati ya hizo tatu, nyekundu ndiyo baridi.

Sasa fikiri. Uso uliopoa hutoa nuru kidogo. Kila mita moja ya mraba ya uso wa Dabarani hutoa takriban moja ya tano ya nuru inayotolewa na mita moja ya mraba ya Jua. Anayependa hesabu agawanye 3,900 kwa 5,770, ambavyo ndivyo vipimo vya joto la nyota hizo kwa kelvini, kisha apandishe jibu hadi kipeo cha nne. Hata hivyo, ukishaujua umbali wa Dabarani, unaona kuwa nyota nzima hutoa nuru mara 400 hivi ya ile ya Jua. Mita moja ni maskini, nyota nzima ni tajiri. Inawezekanaje? Kwa njia moja tu: mita za mraba ziwe nyingi mno. Mara tano ya 400 ni 2,000, basi eneo la uso wake ni kama mara 2,000 ya lile la Jua, na upana wake ni mara 45 hivi. Ukiiweka mahali pa Jua, uso wake utavuka nusu ya njia ya kwenda Utaridi.

Huko ndiko alikofika Ejnar Hertzsprung, Mdenmaki aliyesomea kemia, kuanzia mwaka 1905: kwamba nyota nyekundu ziko makundi mawili, kubwa mno na ndogo mno, na katikati pana pengo. Mmarekani Henry Norris Russell alilifikia jambo hilo kwa njia yake, na mwaka 1913 akatoa mchoro unaopanga nyota kwa rangi na mng'aro. Mchoro huo hadi leo ndio mwanafunzi wa falaki hufundishwa kabla ya mingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amepima upana wa nyota yoyote. Walitumia kichwa tu. Kipimo kilikuja Desemba 1920 katika kituo cha Mount Wilson, California, Albert Michelson na Francis Pease walipopima upana wa Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu ya begani mwa Jabari. Ikawa kweli ni jitu, tena kubwa kuliko walivyothubutu wengi kufikiri.

Dabarani ina njia yake ya kupimwa ambayo mimi huipenda zaidi. Iko karibu na njia ya Mwezi, hivyo kuna vipindi ambapo Mwezi hupita mbele yake na kuifunika. Nyota iliyo mbali sana na ndogo ingezimika papo hapo. Dabarani haizimiki hivyo: nuru yake hupungua katika muda wa sehemu chache za mia za sekunde, kwa kuwa ukingo wa Mwezi unalazimika kuupita upana wa nyota yenyewe. Jicho haliwezi kuuona upungufu huo, lakini chombo cha kupima nuru kinauona. Mwezi uliifunika mara nyingi kati ya 2015 na 2018. Mfululizo mwingine utaanza 2033.

Ile hoja ya uso uliopoa ina tokeo ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa chuo kikuu. Ikiwa uso mwekundu ni hafifu, basi nyota nyekundu iliyo ndogo itakuwa hafifu kupita kiasi. Na ndivyo ilivyo: hakuna nyota nyekundu ndogo hata moja inayoonekana kwa macho matupu, ingawa ndizo nyingi kuliko zote angani. Jaribio lake unaweza kulifanya mwenyewe mwishoni mwa Mei, saa tatu usiku, ukitazama kusini. Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, inakuwa imesimama wima, na nyota ya kichwani mwake ina wekundu usiofichika ukiilinganisha na tatu zilizobaki. Hiyo ni Gacrux, iko umbali wa miaka ya nuru 88 hivi. Kushoto kwa Salibu ziko nyota mbili kali, na ile iliyo mbali zaidi na Salibu ni Alpha Centauri. Jirani na hiyo, ukubali au ukatae, iko nyota nyekundu iitwayo Proxima, iliyo karibu na Jua kuliko nyota nyingine zote, umbali wa miaka ya nuru 4.2 tu. Hutaiona, hata usiku uwe na giza kiasi gani, inataka darubini. Gacrux iko mbali zaidi ya mara ishirini, nawe unaiona ukiwa umesimama mlangoni kwako. Kila nyota ambayo macho yako matupu yatakuambia ni nyekundu, tangu leo ijue kuwa ni jitu.

Kila nyota, nimesema. Sayari haimo. Mirihi nayo ni nyekundu, na kuna miezi inasimama karibu na Dabarani au karibu na nyota nyingine nyekundu, Kalbi ya Akrabu, hata watu wakabishana. Nyota humeta, sayari hutulia. Na baada ya wiki mbili tatu Mirihi itakuwa imehama. Tahadhari nyingine ni moshi. Msimu wa kuchoma mashamba, nyota yoyote iliyo chini karibu na upeo huonekana nyekundu. Ngoja ipande juu ndipo utoe hukumu.

Watu hudhani jitu huzaliwa jitu. Sivyo. Dabarani haina uzito wa kutisha. Inalizidi Jua kwa kiasi kidogo tu. Imechukua vitu vya kutosha nyota moja ya kawaida ikavitandaza kwenye nafasi ambayo ingemeza maelfu kwa maelfu ya majua. Matokeo yake, kwa wastani ni nyepesi kuliko hewa unayovuta, zaidi ya mara hamsini. Tunaiita jitu, na sehemu kubwa ya mwili wake ni gesi nyembamba kiasi kwamba maabara ya shule ingeiita ombwe la kuridhisha.

Ilifikaje hapo? Nyota hutumia sehemu kubwa ya umri wake ikigeuza haidrojeni kuwa heliamu katika kiini chake. (Ndiyo, heliamu ile ile inayotafutwa Rukwa, ila ya Rukwa imetokana na urani na thori zilizomo miambani, haikutoka kwenye nyota.) Haidrojeni ya kiini ikiisha, moto wa ndani hauna tena cha kuunguza, na kiini kinaanza kubanwa na uzito wa tabaka za juu. Kubanwa kunakipasha joto. Joto hilo linawasha haidrojeni iliyobaki kwenye tabaka linalokizunguka kiini, na moto huo wa pembeni una nguvu kuliko ule wa mwanzo. Tabaka za nje zinasukumwa, zinafura, na kadiri zinavyofura zinapoa. Kiini kinasinyaa na kupata joto huku ngozi ikipanuka na kupoa: mambo mawili yanayokwenda kinyume, ndani ya nyota moja, kwa sababu moja. Mwanafunzi akishalielewa hili, sura tatu za katikati ya kitabu hazitamsumbua.

Kiini kikifika nyuzi milioni 100 hivi, heliamu nayo huwaka. Viini vitatu vya heliamu hushikamana kuwa kaboni, na kaboni ikiongezewa kimoja huwa oksijeni. Handeni ni nchi ya mkaa; magunia yake yanajulikana hadi Dar es Salaam. Kaboni iliyomo katika kila kipande cha mkaa huo ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijakuwapo, na sehemu kubwa yake ilipikwa katika majitu mekundu, yakaimwaga angani pamoja na tabaka zao za nje. Ushahidi kwamba nyota hupika elementi, na kwamba zinaendelea kupika hadi leo, ulipatikana mwaka 1952. Paul Merrill, akichambua nuru ya majitu mekundu ya aina fulani, aliona humo alama za teknetiamu. Elementi hii haina aina hata moja inayodumu. Iliyo hodari kuliko zote hupungua kwa nusu ndani ya miaka milioni chache. Nyota zile zilikuwa na umri mkubwa kuliko huo kwa mbali. Basi teknetiamu hiyo haikurithiwa kutoka popote. Ilitengenezwa mle mle, juzi juzi kwa hesabu za falaki. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ugunduzi mkubwa kabisa wa karne ya 20, na nasikitika kwamba hautajwi ipasavyo.

Juu ya Jua letu nitasema kifupi, kwa kuwa sura ya nane inalieleza. Nalo litakuwa jitu jekundu, baada ya miaka bilioni 5 hivi. Litafura zaidi ya mara 200 ya upana wake wa sasa, limeze Utaridi na Zuhura, kisha limwage tabaka zake na kubaki kibete cheupe chenye ukubwa wa Dunia. Anayeingiwa na hofu ahofie lililo karibu zaidi: mng'aro wa Jua unaongezeka polepole, na bahari zetu zitakuwa taabani baada ya miaka bilioni moja hivi.

Ibuti la Jauza na Kalbi ya Akrabu, ambazo Wazungu huziita Betelgeuse na Antares, nazo ni nyekundu lakini ni kabila lingine. Zilizaliwa na uzito wa zaidi ya mara kumi wa Jua, na hazitaishia kuwa vibete, zitalipuka. Tutaziita majitu makuu. Ibuti la Jauza ilipofifia ghafla kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020, magazeti ya dunia yalitangaza kwamba mlipuko umewadia. Kumbe nyota ilikuwa imetema wingu la vumbi lililoikinga. Ikarudi kung'aa, na hadi leo ipo begani mwa Jabari.

Sasa nirudi nyumbani. Handeni iko nyuzi 5 na nusu hivi kusini mwa ikweta, Korogwe kaskazini yake kidogo. Faida yake watu wachache wameikadiria. Mtu wa London akifa bila kusafiri hataiona Salibu. Sisi, ndani ya mwaka mmoja, karibu anga lote linapita juu ya vichwa vyetu. Nyota ya Kaskazini ndiyo tunayonyimwa, imejificha chini kidogo ya upeo. Januari tuna Dabarani, Februari Ibuti la Jauza, Mei Gacrux, Juni upande wa kaskazini Simaki, jitu la rangi ya machungwa lililo umbali wa miaka ya nuru 37, na Julai Kalbi ya Akrabu juu ya kusini. Korogwe ina taa za barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na milima ya Usambara inaziba nyota za chini za kaskazini na mashariki. Lakini kusini kwake, kuelekea Handeni, ni wazi. Handeni yenyewe ina upeo mpana na giza zuri ukishatoka mjini. Adui mkubwa ni mawingu ya vuli na masika. Kwa hiyo Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kazi.

Wala hatuanzi kwenye utupu. Wakulima wa Afrika Mashariki walipima majira kwa Kilimia muda mrefu kabla ya kalenda za ukutani. Katika hesabu ya manazili 28 za Mwezi iliyotumiwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi, Kilimia, kwa jina la Thuraya, ni ya tatu, na Dabarani ndiyo ya nne inayokuja nyuma yake. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, aliandika kitabu kizima juu ya kusafiri kwa nyota hizi. Na siku hizi Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa kwa miaka mingi akiwaeleza wasomaji wa magazeti yaliyomo angani mwa Tanzania. Kinachokosekana ni mazoea ya wilayani: walimu na wanafunzi wanaotazama, kuandika na kulinganisha.

Kwa kazi hiyo ninayo nyota ninayoipendekeza kuliko zote. Katikati ya Desemba, saa tatu usiku, kundi la Nyangumi huwa juu kabisa, na nyota moja ya kundi hilo, Mira, hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Handeni. Umbali kati yake na utosi hauzidi nyuzi tatu. David Fabricius, mchungaji wa Kijerumani, aliiona mwaka 1596, kisha ikampotea. Mira ni jitu jekundu lililozeeka hata likawa linafura na kusinyaa, na mzunguko wake ni siku 332 hivi. Ikiwa kileleni mwa mng'aro wake, unaiona bila taabu. Ikiwa chini, unaweza kukodoa macho usiku kucha na mahali pake usione kitu. Kwa kuwa siku 332 hazitimizi mwaka, kilele huwahi kwa mwezi mmoja hivi kila mwaka, na mtazamaji lazima aufuate. Kundi hilo hilo lina Menkar, jitu jingine jekundu, ambalo linafaa kuwa kipimo. Lina pia nyota hafifu ambayo Tanzania iliipa jina mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulipoyakaribisha mataifa kufanya hivyo: nyota yenyewe inaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Hiyo, kwa bahati mbaya, inataka darubini.

Walimu wa fizikia wa Handeni na Korogwe, ombi langu kwenu ni hili. Falaki imekuwamo katika mada za kidato cha nne, na mara nyingi hufundishwa ubaoni mchana. Chagueni wanafunzi wachache walio bweni. Kila usiku ulio wazi kuanzia Novemba hadi Februari waitafute Mira, waseme kama inang'aa kuliko Menkar au inazidiwa, na kama inazidiwa, inalingana na nyota gani ya jirani. Waandike tarehe, saa na jibu. Siku ambayo haionekani nayo waiandike, maana hilo ni jibu. Chama cha Marekani cha Watazamaji wa Nyota Zinazobadilika, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya macho matupu kutoka nchi yoyote, na anayetuma halazimiki kuwa mwanachama. Ramani ya Nyangumi, yenye nyota za kulinganishia na mng'aro wa kila moja, iko mwishoni mwa sura ya pili.